Nguvu ya Kufungua Vidole Vitatu

Mjini Sumbawanga ukitamka neno DNA mbele ya watu, cha kwanza wanachofanya ni kuangalia watoto wao. Nimeliona hilo kwa macho yangu stendi, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya misa. Mtu anapunguza sauti, anakusogelea, anauliza, "Mwalimu, hivi kweli inaonyesha?" Ukimuuliza inaonyesha nini, anakohoa na kuangalia pembeni. Dereva mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki katikati ya barabara, upepo wa Julai unatukata masikio, ili anieleze kwamba mtoto wake wa pili ana masikio ambayo kwenye ukoo wao hayapo.

"Mshikaji," nikamwambia, "hayo masikio yanasikia?"

"Yanasikia, madamu."

"Basi endesha. Nachelewa kipindi."

Mimi nafundisha baiolojia, kidato cha tano na cha sita, na mdomo wangu haujawahi kunisaidia maishani. Mwaka huo nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, miaka mitatu. Nilikosea jambo moja tu: watu waliponiuliza nakwenda kusomea nini, niliwajibu ukweli. Nikasema nakwenda kusomea DNA. Ndani ya wiki moja nusu ya mji ilikuwa inanisalimia kwa heshima ya ajabu na nusu nyingine inanikwepa. Mama mmoja jirani aliacha kabisa kumtuma mwanawe kwangu kuomba chumvi.

Kumbe habari ya baba wa nani haikuwa shida yangu hata kidogo. DNA ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana, na katikati zimeshikana kwa jozi jozi za viungo vya aina nne, tunaviita kwa herufi. A inashikana na T, G inashikana na C. A na T wana vishikizo viwili, G na C wana vitatu. Mimi nilichotaka kujua ni hiki: ukizikamata nyuzi hizo ukazivuta, zinaachianaje? Kwa nini ukivuta namna hii zinaachia upesi, na ukivuta namna ile zinagoma? Wako watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Wanabandika ncha moja kwenye kioo, ncha nyingine kwenye kishanga kidogo kisichoonekana kwa macho, halafu wanakivuta kile kishanga kwa mwanga. Ndiyo, kwa mwanga! Siku ya kwanza kusoma habari hiyo nilikuwa nimeinjika uji jikoni. Uji ukaungua, sufuria ikaungua, mimi nasoma.

Sasa baba yangu.

Baba anaishi Mollo, nje kidogo ya mji, analima mahindi na ulezi. Mama alishafariki. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Mpanda na mwingine Dar es Salaam, wanapiga simu. Mimi ndiye niliyebaki karibu, na kila Jumapili nilikuwa namwendea na samaki, migebuka ya Kasanga nikiipata, napika ugali wa ulezi, tunakula, ananisimulia makosa ya majirani. Na baba ana desturi moja. Mtu wa nyumbani akisafiri, hata akienda Mtowisa kufuata mchele na kurudi kesho yake, hatoki mlangoni kabla baba hajamchora alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Anabonyeza hasa. Unaondoka na kidoa chekundu katikati ya kichwa.

Jumapili niliyomwambia nakwenda, alimaliza kutafuna kwanza. Akauliza nakwenda kusomea nini. Nami, kwa akili zangu, nikasema tena DNA.

"Hapana," akasema baba.

"Hapana nini, baba?"

"Sikubariki. Wewe mtu mzima, miguu unayo, kwenda utakwenda. Lakini mimi siwezi kumbariki mtu anayekwenda kujifunza kuvunja nyumba za watu."

Kumbe kijiji cha jirani kulikuwa na bwana mmoja aliyekwenda kupima watoto wake. Majibu yakaja, mke akarudishwa kwao, watoto wakagawanywa huku na kule. Baba alikuwa miongoni mwa wazee walioitwa kusuluhisha, akashinda huko kutwa nzima, akarudi bila kusuluhisha kitu. Nilimweleza kwamba hayo mimi hayanihusu. Akanyanyua kijiti chake cha kuchokonolea meno na mazungumzo yakaishia hapo.

Hapa wenzangu wa maabara wanaweza kunicheka, na wanicheke. Ningeweza kuondoka hivyo hivyo. Nina cheti, nina barua, nina akili timamu. Lakini naapa, bila ule msalaba wa kidole gumba nisingepanda basi. Ningefika stendi, ningelia, ningerudi. Zilibaki wiki tatu nami nikaamua kwamba baba ataelewa ninachokwenda kusoma, atake asitake.

Jaribio la kwanza lilikuwa zipu. Sumbawanga kila mtu ana jaketi, kwa baridi ile utafanyaje, na baba analo lake la kahawia la kuendea misa, mtumba wa siku nyingi anaoupenda kuliko wanawe. Nikamwomba alivae. Nikamwambia, "Angalia baba, hizi pande mbili za zipu ndizo nyuzi mbili. Ukianza juu ukavuta upande mmoja kulia na mwingine kushoto, zinafunguka jino moja moja, kazi nyepesi. Lakini upande mmoja ukiuvuta juu na mwingine ukiuvuta chini, meno yote yanashikana kwa pamoja, kila jino linabeba kidogo, hapo hufungui kitu." Ili aone kwa macho, nikaushika upande wa kulia na kuuvuta juu, wa kushoto nikauvuta chini, kwa nguvu zangu zote.

Zipu ilipasuka toka shingoni hadi kiunoni.

Baba aliitazama. Akanitazama. Jumapili iliyofuata alikwenda misa jaketi likiwa limefungwa kwa pini nne kubwa, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "DNA hiyo." Niliona aibu mpaka nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Wiki ya pili hiyo ikawa imeniponyoka.

Ikabaki siku moja ya maana: siku ya kupura ulezi. Kwetu kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake. Unapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, unawaambia ndugu na majirani, wanakuja na fimbo zao asubuhi, wanapiga masuke mpaka mchana, halafu wanakaa na kunywa. Nikapiga hesabu: wangekuwepo watu zaidi ya ishirini, wamechangamka, hawana pa kwenda. Maabara gani tena ningetafuta?

Walipomaliza kupura na mtungi wa kwanza ukashuka, nikasimama. Nikawapanga watu kumi na sita mistari miwili, wanatazamana. Nikawapa herufi. Binamu yangu mmoja, fundi baiskeli, mtu wa masihara, akakataa katakata kuwa T kwa sababu alitaka kuwa G. "G ni ya wakubwa," akasema. Nikamwachia. Sheria zilikuwa tatu. Mkono wa kulia unamshika mwenzako wa mbele kwa vidole vilivyopindwa kama ndoano: A na T vidole viwili, G na C vitatu. Mkono wa kushoto unashika nguo ya jirani yako wa kushoto. Na mtu asiachie mpaka avutwe hasa.

Hapo nikaona kitu ambacho sikukipanga. Kwa kuwa walitazamana na kila mtu kashika wa kushoto kwake, mstari mmoja ulikuwa umeelekea huku na mwingine umeelekea kule, kinyume. DNA yenyewe ndivyo ilivyo! Nikapiga kelele ya furaha peke yangu pale uwanjani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya upenu wa nyumba, pini zake nne kifuani, anakunywa taratibu na kujifanya hatazami.

"Sasa," nikatangaza, "vijana wawili huku, wauvute mstari huu kwa urefu wake kuja huku. Wawili kule, wauvute ule mwingine kwenda kule."

Wakavuta. Mistari ikanyooka, watu wakaguna, mtu akalia kidole chake, lakini haikuachia. Vijana wanne, wanaobeba magunia mgongoni, wamechimba visigino ardhini, na ndoano zile zimegoma! Nikawa naruka. "Mnaona? Jozi zote zinabeba pamoja! Kila mmoja anabeba kidogo! Baba, unaona?" Baba akanywa funda moja. Lakini niliona shingo yake imerefuka.

Ndipo shangazi akaingia.

Shangazi ni dada yake mkubwa baba, mwembamba, ana fimbo isiyomsaidia kutembea, anaitumia kuwaonyeshea watu makosa yao. Alikuwa amechelewa kwa sababu huwa anachelewa. Na kwetu Ufipa, mkubwa wako akitokea, unachuchumaa kidogo, unakunja viganja, unapiga makofi mawili matatu ya polepole, ndipo unafungua mdomo. Huwazi. Mikono inakwenda yenyewe tangu ukiwa mdogo.

Basi watu kumi na sita, kwa mpigo mmoja, waliachia vidole, wakachuchumaa na kupiga makofi. "Shikamoo, mama." "Shikamoo, shangazi."

Wale vijana wanne bado walikuwa wanavuta. Wawili waliangukia kwenye makapi ya ulezi, mmoja juu ya mtungi uliokwisha, na wa nne sikumwona alikokwenda mpaka alipojitokeza nyuma ya banda la kuku. Makapi yakapanda juu, watu wakaanza kupiga chafya. Mimi nimesimama katikati, mikono kichwani.

"Jamani! Nimesema mtu asiachie!"

"Sasa mwalimu," akasema binamu yangu akiwa bado amechuchumaa, "tumsalimie shangazi kwa miguu?"

Nilikasirika kweli, tena kwa dakika nzima. Kisha nikamwona baba. Kigoda kinatikisika. Baba alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anajifuta kwa mkono wa jaketi. Sikuwa nimemwona akicheka namna hiyo tangu mama alipokuwa hai. Hasira ikaniishia, nikacheka na mimi mpaka mbavu zikauma.

Shangazi hakucheka. Alitaka kuelezwa watu wazima wanacheza mchezo gani mchana kweupe. Nikamweleza. Alisikiliza, kichwa upande, halafu akasema, "Kwa hiyo vijana wanne wameshindwa."

"Wameshindwa kwa sababu ya namna walivyovuta, shangazi. Ungeanzia mwishoni, jozi moja moja, hata mtoto angeweza."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Heri ningejiuma ulimi. Lakini shangazi alishamkabidhi mtu fimbo yake na kukunja mikono ya sweta. Nikaanza kuwapanga watu upya. Loo, kazi! Walikuwa wamesahau wenzao. A ameshika C, G wawili wameshikana kwa furaha, binamu yangu amempata binti wa jirani aliyekuwa mbali naye mwanzoni na hataki kuhama. Nikawaambia huku ndiko kukosea kunakozaa maradhi, wakacheka, wakajipanga. Ila jozi ya mwisho ilikuwa imepotea. Wale wazee wawili waliokuwa huko walikuwa wameshakaa kwenye mtungi wa pili na hawakuwa na mpango wa kurudi kwenye sayansi.

"Nitasimama mimi," nikasema. "Nahitaji mmoja wa mbele yangu."

Shangazi akageuza kidevu kuelekea kigodani. "Wewe, inuka."

"Dada, mimi nimekaa."

"Ndiyo maana nimesema inuka."

Baba ana miaka yake, ni mzee wa kanisa, watu wanasimama akipita. Lakini dada yake ni dada yake. Akaja akijikokota, akasimama mbele yangu mwisho wa mstari. Nikamwambia yeye ni C, mimi ni G, tunashikana kwa vidole vitatu. Akauliza kwa nini vitatu. Nikasema hii ndiyo jozi ngumu zaidi, ukivuta DNA huwa inafunguka mbio mbio, ikifika kwenye G na C inasita. Akapinda vidole vyake. Vigumu, vina sugu ya jembe, na vilikuwa na baridi.

Kule mwanzo wa mistari, mtu wa kwanza wa upande wa baba alikumbatia nguzo ya kichanja. Hicho ndicho kioo changu. Mtu wa kwanza wa upande wangu alimpa shangazi mkono. Shangazi ndiye mwanga.

Akavuta. Hakutumia nguvu hata kidogo, alirudi nyuma tu kama anayetandua mkeka. Jozi ya kwanza, vidole viwili, ikaachia. Ya pili ikaachia. Ya tatu ilikuwa ya binamu yangu na binti wa jirani, ikachelewa kuliko sayansi inavyoruhusu, watu wakashangilia, ikaachia. Moja moja, jamani, mpasuko unatembea kuja kwetu, na mwanamke mwembamba wa umri ule anafungua watu ambao vijana wanne walishindwa kuwatenganisha. Nilikuwa namweleza baba haraka haraka, nataka asikose hata kitu kimoja: "Unaona, sasa hivi nguvu yote inabebwa na jozi moja tu, wengine hawamsaidii, ndiyo maana inatosha nguvu ndogo. Ndogo sana, baba! Ile ya kweli ni ndogo kuliko uzito wa chembe ya unga. Na mwilini lazima zifunguke hivi, zisipofunguka hakuna kinachokua, kila uzi unatakiwa upate mwenzake mpya."

"Nimeona," akasema baba. "Hapa hakuna habari ya mtoto wa nani."

"Hakuna!"

"Ni kuvuta tu."

"Ni kuvuta tu, baba!"

Jozi ya saba ikaachia. Mstari wangu wote ukawa umening'inia kwa shangazi, umenishika mimi, na mimi nimeshikwa na vidole vitatu vya baba. Nikavutwa. Nikalegeza vidole vyangu ili tumalize, watu wapige makofi, nishinde.

Vya baba havikulegea.

Shangazi akavuta tena. Watu wakacheka, wakaanza kupiga kelele, "Achia, mzee! Achia!" Binamu yangu akasema hiyo C imeota mizizi. Nami nikacheka, nikamwambia, "Baba, hapa ndipo unapoachia." Alikuwa ameangalia mikono yetu. Hakuwa anatania.

Kicheko kilikufa taratibu kuanzia kwa waliokuwa karibu. Shangazi akaacha kuvuta.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "ile nyumba uliyosema nakwenda kuivunja."

"Nyumba ni hii," akasema. Hakuonyesha kwa kidole, aligeuza macho tu kwenye mlango wake. "Ina mtu mmoja. Jumapili inakuwa na wawili."

Mimi na mdomo wangu huu! Wiki tatu nimemweleza mtu vishikizo na nyuzi na kishanga, na hakuna hata siku moja niliyomuuliza atakula na nani. Niliona haya, na niliumia, na nilikuwa bado nataka kwenda. Yote matatu kwa pamoja. Nikasema, "Baba, ukiniambia nisiende, siendi." Nilisema kweli, na nilikuwa naomba kimoyomoyo asiniambie.

Aliachia nguo ya jirani yake. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, akatafuta paji la uso wangu kwa kidole gumba, na akachora msalaba. Ulikwenda upande, kwa kuwa mkono ule haukuzoea. Akabonyeza vilevile.

Shangazi akaja juu. "Unambariki mtoto kwa mkono wa kushoto? Umerukwa na akili? Wa kulia una nini?"

"Wa kulia una kazi," akasema baba.